Udi au Sandali: Chupa Mbili na Majira ya Rebero

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta humu habari za gwaride, za michezo ya majeshi, za ujenzi wa taifa na za wenzetu wanaostaafu. Huenda basi wakashangaa leo kuona tumeshika kalamu kuandika juu ya marashi. Lakini askari haishi peke yake. Huketi ofisini na wenzake, husimama kaunta ya kituo akisikiliza malalamiko ya raia, huhudhuria harusi na mazishi, na kote huko watu humwona, humsikia, na tena humnusa. Kiswahili chetu kimeliweka jambo hili wazi, kwani kati ya kunukia na kunuka ipo herufi moja tu, na sisi wenyewe tumepata kuivuka herufi hiyo bila kujua, tukiwa tumevaa sare kamili, mbele ya watu.

Kilima cha Rebero kiko kusini mwa Jiji la Kigali, katika Wilaya ya Kicukiro. Aliyesimama juu yake huuona mji umetandazwa mbele yake, na Mlima Kigali upande wa machweo. Kigali imejengwa katika nchi ya juu, kiasi cha mita 1,500 hivi toka usawa wa bahari, na vilele kama Rebero huzidi hapo. Kwa hiyo, ijapokuwa tuko karibu sana na mstari wa Ikweta, mchana joto hufika nyuzi 27 hivi na usiku likashuka hadi 15 au 16. Mwaka wetu una majira manne yenye majina yake ya Kinyarwanda. Urugaryi ni kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Itumba ni mvua kubwa toka Machi hadi Mei. Impeshyi ni kiangazi kirefu cha Juni hadi mwanzo wa Septemba, wakati vumbi jekundu linapopanda na usiku ukawa wa baridi kavu. Kisha huja Umuhindo, mvua ndogo za kufungia mwaka. Twaomba msomaji ayashike majira hayo, maana bila hayo mazungumzo yetu hayana mguu wa kusimamia.

Tuliingia katika habari hii kwa sababu ya harusi. Rafiki yetu wa tangu chuo cha makadeti alikuwa akioa mwezi Julai, na sherehe ya jioni ilipangwa kufanyika Rebero, mahali pa wazi, chini ya turubai. Tulishuka Nyamirambo kutafuta marashi. Nyamirambo ndiyo sehemu ya mji ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani tangu zamani, na ndimo ulimojengwa msikiti wa kwanza wa nchi hii mwaka 1913. Maduka ya mafuta ya kunukia huko ni madogo. Chupa zimepangwa katika kabati la kioo, na mafuta hupimwa kwa tola, kipimo cha Kihindi cha gramu 11 na kitu, ambacho wauza dhahabu na wauza marashi wa mwambao wamekitumia miaka mingi.

"Shikamoo Mzee," tulimwamkia mwenye duka.

"Marahaba, Afande. Watafuta ya kazini au ya shereheni?"

Hatukuwa na jibu. Tulidhani marashi ni marashi. Mzee akatoa chupa mbili, moja yenye mafuta meusi mfano wa asali ya nyuki wadogo, ya pili yenye mafuta ya rangi ya majani makavu. Akatupaka tone la kwanza katika kifundo cha mkono wa kushoto, la pili katika mkono wa kulia, kisha akatuambia twende zetu mjini, tunywe chai, turudi baada ya saa tatu. "Usinunue sasa," alisema. "Sasa unanusa mlango tu. Nyumba bado hujaingia."

CHUPA YA KWANZA

Ile nyeusi ilikuwa udi. Watu wengi wa bara huujua udi kama vijiti vya kuchoma, lakini udi wenyewe ni mti. Ni mti wa Asia uitwao kitaalamu Aquilaria, uotao toka Assam nchini India hadi Kambodia, Malaysia na Indonesia. Ajabu yake ni kwamba mti ulio mzima hauna harufu ya kusifiwa. Ukijeruhiwa, ukatobolewa na wadudu au kuvunjwa na upepo, kuvu huingia katika jeraha, na mti hujihami kwa kutoa utomvu mweusi unaojaza mbao. Mbao hiyo iliyougua ndiyo udi. Huchomwa vipande vipande juu ya makaa katika chetezo, au hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Kwa sababu si kila mti huugua, na kwa sababu haionekani kwa nje ni upi ulioathirika, wakataji waliangusha misitu mizima wakitafuta michache. Ndiyo maana aina mashuhuri ya mti huo iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe wa porini, CITES, tangu mwaka 1995, na baadaye jamii yake yote ikafuata.

Harufu ya udi haielezeki kwa neno moja. Mwanzoni ina ukali wa ngozi iliyotengenezwa karibuni, na wengine husikia zizi la mifugo. Baada ya saa moja moshi hutokea. Baada ya saa tatu huja utamu mzito kama wa tende na kahawa. Udi huenda mbali, kwani mtu akiingia chumbani, chumba hujua. Na haubanduki upesi, maana ukigusa kitambaa hukaa siku kadhaa. Huko Zanzibar, Mombasa na Muscat nguo za arusi hufukizwa udi, na mgeni mheshimiwa huletewa chetezo ajifukize kabla hajaaga.

CHUPA YA PILI

Ile ya pili ilikuwa sandali. Mti wake wa asili, Santalum album, ni wa India ya kusini, na Mysore ndiko kulikovuma zaidi kwa mafuta yake. Msandali una tabia moja ambayo askari wa intelijensia angeifurahia. Mizizi yake hujishikiza kimyakimya katika mizizi ya miti jirani na kunyonya chakula, huku juu ya ardhi ukionekana ni mti mtulivu kama miti mingine. Mafuta yamo katika moyo wa mbao na katika mizizi, na huchukua miaka mingi kukusanyika.

Harufu yake ni laini, ya maziwa na mbao iliyopigwa randa, yenye joto lakini isiyo na moshi. Haiendi mbali. Aliye karibu nawe hatua moja ataisikia, na aliye hatua nne hataisikia. Tulipotembea mjini siku ile tulidhani mkono wa kulia umekwisha kunukia kabisa, tukamlaumu Mzee moyoni. Tulipokaa chini na mkono ukapata joto, harufu ikainuka tena.

Hapa pana jambo la kuelewa juu ya pua. Pua huchoka. Harufu isiyobadilika huizoea kwa dakika chache, ikaacha kuitolea habari. Mwenye marashi basi hudhani yamekwisha, akaongeza tone, akaongeza la pili, hali jirani yake anatafuta dirisha. Tumewaona maafisa wazuri wenye kosa hili, na hakuna mdogo awezaye kumwambia mkubwa wake. Hata pua zenyewe hazilingani, kwani wapo watu wasioweza kabisa kusikia aina fulani za miski ambazo mwenzao huona zimejaa chumba. Kwa hiyo idadi ya matone iamuliwe kabla ya kufungua chupa, wala isibadilishwe na pua ya mvaaji.

Tuliporudi dukani tulinunua zote mbili, robo tola ya kila moja. Huo haukuwa uamuzi. Ulikuwa kuahirisha uamuzi.

HARUSI NA MSIBA

Usiku wa harusi ulikuwa wa Impeshyi barabara. Mbingu ilikuwa kavu, upepo ukitembea kilimani, na baridi iliwafanya akina mama wajifunike kanga juu ya mishanana yao. Tulipaka udi, tone moja kifuani chini ya fulana na tone jingine nyuma ya shingo. Marashi hunukia kwa kugeuka mvuke, na baridi hupunguza mvuke huo. Marashi mepesi ya limau na maua yangekwisha kabla bwana arusi hajafika. Udi, ambao mvuke wake ni mzito na wa polepole, ulidumu usiku kucha, na upepo uliuchukua ukausambaza kiasi cha kupendeza. Wazee wa upande wa bibi arusi waliuliza ni marashi gani yale. Hatutaficha kwamba tulijisikia vizuri.

Toka siku hiyo tuliufanya udi kuwa marashi ya kila jambo kubwa. Hapo ndipo tulipokosea.

Kilele cha Rebero kina makumbusho ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 14,000, pamoja na wanasiasa walioupinga mpango wa mauaji na kuuawa kwa sababu hiyo, miongoni mwao Joseph Kavaruganda, aliyekuwa Rais wa Mahakama ya Katiba, na Landoald Ndasingwa wa chama cha PL. Kila mwaka wiki ya maombolezo, inayoanza tarehe 7 Aprili, hufungwa hapo Rebero tarehe 13. Aprili ni katikati ya Itumba. Asubuhi ile ilinyesha. Tulikuwa kazini, tumevaa makoti ya mvua, na kwa kuwa siku ilikuwa kubwa tulikuwa tumepaka udi kama ilivyokuwa desturi yetu.

Koti la mvua hulizuia joto la mwili lisitoke. Udi ulipata joto chini yake, na hewa ya mvua, yenye unyevu na isiyo na upepo, iliuacha ukae pale pale tuliposimama. Mbele yetu aliketi bibi mmoja pamoja na msichana. Bibi aligeuka mara ya kwanza, akageuka mara ya pili, kisha akamnong'oneza msichana, nao wakahamia viti vya mbali, pasipo na turubai. Baadaye msichana alitujia kwa adabu zote.

"Afande, tuwie radhi," alisema kwa Kinyarwanda. "Bibi anasema ni harufu ya moshi."

Hakuongeza neno, nasi hatukumwuliza bibi aliusikia wapi moshi ule mwaka 1994. Tuliomba ruhusa, tukaenda nyuma ya magari na kujisugua shingo kwa maji ya chupa. Mafuta ya udi hayatoki kwa maji. Tulikaa huko nyuma ya magari mpaka shughuli ikaisha, na lindo letu akalishika mwenzetu.

Tulimweleza Mzee wa Nyamirambo habari hiyo tukitazamia atutulize. Kwao, kama kwa Waislamu wengi wa mwambao, udi hufukizwa arusini na hufukizwa pia penye maiti. Hakututuliza.

"Ni kweli kwetu tunaufukiza msibani," alisema. "Lakini wewe hukwenda kwetu, mwanangu. Ulikwenda kwao."

Tangu hapo mpango wetu ni huu, na tunaueleza jinsi ulivyo bila kudai kwamba ni amri. Udi ni wa Impeshyi na Urugaryi, usiku, penye uwazi na furaha, na kwa matone mawili yasiyozidi. Sandali ni ya miezi ya mvua, watu wanapojibana ndani na madirisha kufungwa. Ni ya ofisini, ya basi, na ya chumba cha kuandikia maelezo, ambamo mlalamikaji amekuja na taabu yake na hapaswi kuongezewa ya pili. Tarehe 7 hadi 13 Aprili, sabuni ya kawaida yatosha.

MWAMBAO NA PORINI

Mambo haya hubadilika mtu akishuka toka milimani. Wenzetu wa jeshi na polisi waliopelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia Julai 2021, walikuta joto la pwani lisilopoa hata usiku, na raia wanaozungumza Kiswahili na Kimwani. Mmoja wao alichukua chupa ya udi aliyoipenda sana alipokuwa Kigali. Siku ya mapumziko ya kwanza aliipaka, na baada ya nusu saa aliumwa kichwa yeye mwenyewe. Joto lilikuwa limeutoa udi wote kwa mara moja, bila zile hatua zake za ngozi, moshi na tende. Alitueleza kwamba wenyeji wa huko huuchoma udi jioni, nguo zikafukizwa, watu wakaja kuzivaa baadaye. Moshi hupita na nguo hubaki na kumbukumbu yake tu. Huo ni ujuzi wa watu wa joto, nasi wa milimani hatukuwa nao.

Na doriani? Hapo jibu ni fupi. Kuruta hufundishwa mapema kwamba msituni sabuni yenye manukato, sigara na mafuta ya nywele humtangaza mtu kabla hajaonekana. Katika zoezi moja la usiku tukiwa makadeti, mkufunzi alipita nyuma ya mstari wetu gizani akamgusa mmoja begani na kumwambia kwa sauti ndogo: "Wewe umekwisha kufa." Kosa lake lilikuwa marashi ya kunyolea ndevu aliyopaka asubuhi. Kwa wiki nzima tulimwita marehemu.

MTI ULIO KARIBU

Twataka kukaa kidogo juu ya sandali, kwa kuwa jambo hili linamhusu askari polisi kuliko anavyodhani. Msandali wa India ulipoadimika na bei kupanda, wafanyabiashara waligeukia mti wa Afrika Mashariki ulio na mafuta yanayofanana nayo. Kitaalamu huitwa Osyris lanceolata. Wakenya na Watanzania huuita msandali, nasi hapa Rwanda twauita umushikiri. Ni mti mdogo, mara nyingi wa urefu wa mita chache, wenye majani magumu ya kijani kilichochanganyika na kijivu na matunda madogo yanayoiva kuwa mekundu. Huota katika vilima vikavu, na Mkoa wetu wa Mashariki ni mahali pake.

Hatari yake ni kwamba mizizi ina mafuta, kwa hiyo mwizi haukati mti, huung'oa. Kisiki hakibaki cha kuchipua. Tena miti dume na miti jike ni mbalimbali, na wang'oaji hupendelea jike kwa wingi wa mafuta yake, hivyo hata miti inayosalia hukosa mbegu. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013, katika mkutano wa CITES uliofanyika Bangkok, miti hiyo ya Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Uganda na Tanzania iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, maana yake haivuki mpaka kwa biashara bila kibali cha serikali inayotoka. Pamoja na hayo magendo hayakukoma, na Polisi yetu ya Taifa imetangaza zaidi ya mara moja kukamata shehena za imishikiri katika wilaya za mashariki.

Kwa hiyo tuliporudi dukani safari nyingine tuliuliza swali ambalo hatukuliuliza mara ya kwanza, yaani sandali hii imetoka wapi? Mzee hakukasirika. Alitoa kopo lenye karatasi ya mwagizaji na jina la kiwanda cha India, akaongeza kwamba wapo vijana waliopata kumletea mafuta ya bei rahisi bila karatasi yoyote, naye akawarudisha na mafuta yao. Hatuna njia ya kuthibitisha neno lake zaidi ya karatasi ile. Lakini twawaomba wenzetu walio vizuizini wafahamu kwamba gogo dogo la kijivu, lisilofaa kwa ubao wala kwa kuni, likipasuliwa likanukia, lina safari ndefu mbele yake na mtu anayelisubiri.

Kama msomaji ana fedha za chupa moja tu, ushauri wetu ni sandali yenye karatasi. Udi mzuri ni ghali sana, na udi wa bei nafuu mara nyingi umechanganywa na vitu vya maabara, hivyo aununuaye kwa bei ya soda ajue ananunua nini. Mafuta yasipakwe juu ya sare, kwani udi huacha doa la kahawia ukosini lisilokubali pasi wala sabuni. Chupa iwekwe gizani, kizibo kikiwa kimefungwa barabara.

Chupa yetu ya udi, ile robo tola ya siku ile, ingali na nusu yake kabatini. Ya sandali ilikwisha Novemba, katikati ya Umuhindo, tukaenda kununua nyingine.